Panya Mtulivu

Alhamisi, 1 Oktoba 1998

Kibandani, kwenye maegesho ya magari ya hospitali, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi, chenji, salamu kwa watu wasioitikia. Kufika saa tatu maegesho yamejaa. Rockville nzima ilikuwa na miadi na daktari leo. Mzee Kabeya, Mkongo wa kibanda cha kutokea, mgeni nchi hii kama mimi, kaniuliza mtoto anakuja lini. Jumamosi. Nikamsifia tena Sekela wangu: mtoto mtulivu, umwache kwenye kochi asubuhi, jioni umkute pale pale. Mzee akasema binti zake yeye ni tarumbeta tupu. Nikajiona nimebahatika.

Jioni nimefua shuka za chumba chake. Siku kumi na moja sijamwona. Nimekula ugali peke yangu, nimesimama, kwenye sinki.

Jumamosi, 3 Oktoba

Amekuja. Miaka kumi, miguu mirefu kama ya mama yake. Namsemesha Kiswahili, anajibu Kiingereza, maneno mawili matatu basi. Humu nitayaandika kwa lugha yangu. Kutwa yuko kwenye kona ya kochi na kitabu cha maktaba. Nikamwuliza nimnunulie nini, aseme chochote. Akasema panya. Panya wawili wa kufuga.

Nilicheka kwa ile sauti yangu ya ghalani. Nikamwambia miaka sita nimefanya kazi kwenye ghala la mahindi Mbeya, na panya nilikuwa nawazoa kwa koleo kila asubuhi. Nikamwonyesha kwa mikono. Nikapaza sauti kabisa: panya hanunuliwi, panya anatiliwa sumu! Akafunga kitabu. Akaenda kulala mapema. Mdomo wangu huu.

Jumapili, 4 Oktoba

Nimemrudisha Riverdale kwa mama yake. Tumeachana tangu mwezi wa tatu. Mama Sekela kanisimamisha mlangoni, akasema Novemba ikiisha mtoto ataulizwa mwenyewe kama anataka kuendelea kuja kwangu. Akisema hapana, ni hapana. Hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu.

Barabara kuu ya 270 yote nimeendesha redio imezimwa. Nikimkosa huyu sina mtu. Ndivyo ilivyo.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimenunua panya. Baba yangu akifufuka leo atarudi kaburini mwenyewe.

Ofisi ya jengo wamesema mbwa na paka hapana, ila mnyama wa kwenye tundu ruksa. Basi baada ya kazi nikaingia duka moja la wanyama kule barabara ya Rockville Pike. Panya wako kwenye tanki la kioo, wamelalia maranda ya mbao. Kumi hivi. Nilipoinama, wawili wakanikimbilia. Mmoja akapanda kioo, akanusa kidole changu, akavuta mkono wa shati. Wajeuri. Nikawakataa papo hapo.

Mmoja alikuwa kwenye kona. Mweupe, kichwa cha kijivu. Katulia, macho chini. Aliponyanyuliwa hakufurukuta. Nikasema huyu kalelewa, huyu atapatana na Sekela. Binti wa dukani alitaka kunieleza jambo, mara nichukue wawili, mara nimsikilize kwanza anavyopumua. Nikamwambia nimekaa na panya kabla hajazaliwa. Hataniambia kitu kuhusu panya.

Njiani alikuwa anatoa mlio mdogo kifuani, tik, tik, tik. Nikadhani ndiyo raha yake, kama paka anavyokoroma.

Ijumaa, 9 Oktoba

Hali chakula. Nimempa mahindi, nimempa mkate, nimempa hata kipande cha samaki. Anakaa kwenye kona kama alivyokaa dukani. Jina sijampa, nimemwachia Sekela. Nikirudi kazini namwamkia. Nimejishangaa. Ni sauti ya kwanza ninayoitoa humu ndani kutwa, na anayeisikia ni panya.

Leo ana wekundu kwenye jicho na puani. Damu. Nimempangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimempeleka kwa daktari wa mifugo. Tangu lini panya akawa mfugo, lakini nimempeleka, kwenye sanduku la viatu, na nimekaa foleni katikati ya mama wenye mbwa waliosukwa.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Kasema wekundu ule si damu. Ni machozi ya panya, hutoka hivyo akiwa mgonjwa. Ule mlio ni kifua. Alikuwa anaumwa siku ile ile niliyomnunua. Kaniuliza kwa nini nilimchagua yeye. Nikajibu kwa sababu ya utulivu. Akasema panya mzima hatulii mbele ya mtu. Anakuja kukuchungulia. Anayejikunja kwenye kona anaumwa au anaogopa. Tena panya hakai peke yake, anakonda kwa upweke.

Nikafunika sanduku la viatu. Nimepewa dawa ya matone, asubuhi na jioni.

Ijumaa, 16 Oktoba

Amekufa. Saa kumi na moja jioni, kwenye kiganja changu. Nilikuwa nimemfunika kwa soksi. Mlio ukawa mdogo, ukakatika.

Nimemzika nyuma ya jengo, chini ya ua wa waya, kwenye kopo la biskuti. Nimelia. Mtu mzima, miaka arobaini na nne, niliyekuwa nawazoa kwa koleo. Mzee Kabeya alikuwa ananitania kila siku, "Mutoto yako ya mukia iko namna gani?" Jumatatu nitamwambia nini.

Sekela anakuja kesho. Nimefikiri kukimbilia dukani nikachukue mwingine wa kufanana. Nimeacha. Nimechoka kujifanya najua.

Jumamosi, 17 Oktoba

Aliliona tundu kabla hajavua koti. Aliona pia kwamba ni tupu. Nikamweleza yote. Dukani, mlio, machozi mekundu, kopo la biskuti. Alisikiliza kasimama. Nikasema nilimchagua kwa kuwa alikuwa mtulivu, ana adabu.

Akasema, "Baba, watulivu wanakuwa wanaogopa."

Halafu akaenda kukaa kwenye kona ya kochi, akakunja miguu, akafungua kitabu. Pale pale anapokaa siku zote. Mimi nimesimama na tundu mkononi, namwangalia mtoto wangu mtulivu. Miezi saba namsifia kwa watu.

Jumapili, 18 Oktoba

Kwenye gari nimemwuliza. Nimezunguka weee, mwisho nikalitoa: unaniogopa? Akatazama nje mpaka tumepita daraja la pili. Akasema, "Kidogo. Unaongea kwa nguvu." Nikafungua mdomo nijitetee, kwamba ndiyo sauti niliyozaliwa nayo, kwamba ghalani mashine zilikuwa zinapiga kelele, kwamba sijawahi kumgusa hata kwa ukucha. Nikafunga mdomo. Nimemshusha kwa mama yake bila kumwambia hata usiku mwema.

Jumamosi, 31 Oktoba

Hakuja. Leo watoto wanavaa vinyago na kuomba peremende mlango kwa mlango, naye katoka na wenzake wa Riverdale. Mama yake kapiga simu kunijulisha. Nikasema sawa. Nilisema polepole, nadhani hata yeye alishangaa.

Nilikuwa nimenunua mfuko mzima wa peremende. Hakuna aliyepanda ghorofa ya tatu. Nimezila mimi, tumbo linauma. Mwezi mmoja umebaki.

Jumanne, 10 Novemba

Nafanya mazoezi ya kuongea chini. Madereva wananiambia nirudie. Mzee Kabeya kaja kunigusa paji la uso, "Weye, uko mugonjwa?" Nikamwambia kisa chote. Hakucheka. Akasema binti zake tarumbeta amewachoka, lakini siku wakinyamaza yeye halali. Akarudi kibandani kwake. Maneno yale yamenikaa.

Jumamosi, 14 Novemba

Amekuja na karatasi. Kaandika mwenyewe, kwa kalamu ya kijani, mambo ya kuangalia. Nilidhani habari za panya zimekwisha. Kumbe mwenzangu alikuwa anajiandaa.

Duka lile kalikataa. Tumekwenda jingine, dogo, hapa hapa Gaithersburg ninapoishi. Akaanza kazi, na mimi nyuma yake kama mtu aliyeletwa kushika mfuko. Macho yawe maangavu, pasiwe na wekundu. Manyoya yalale. Wote wa tanki lile, hakuna anayepiga chafya? Majike na madume wamekaa mbalimbali? Alimwuliza mwenye duka, akaonyeshwa. Akasema tunataka majike wawili waliokua pamoja. Kisha akanigeukia, nitie mkono ndani.

Nikatia. Nikataka kumkamata mmoja. Akasema hapana, weka tu, kiganja juu. Nikaanza kuwaita, ksss, ksss. Akasema, "Usiwaite. Ngoja."

Nimengoja. Mkono uliniuma, bega likafa ganzi. Nikataka kusema neno, nikameza. Mtoto kasimama ubavuni kwangu, anangoja na mimi, bega lake limegusa mkono wangu. Miezi mingi hajasimama karibu hivyo. Akaja mmoja wa kahawia, akanusa dole gumba, akakimbia. Akarudi. Akapanda kiganja, kifundo, akaingia kwenye mkono wa shati. Nyuma yake mwenzake, ana baka jeupe tumboni. Wajeuri wale wale niliowakataa siku ile. Sekela akamweka kila mmoja sikioni, akafumba macho kusikiliza. Kimya. Vifua vizima.

Wa kahawia kamwita Mbeya. Wa baka kamwita Biskuti. Hilo la Mbeya limenishtua. Siku ile ya koleo nilidhani hakusikia isipokuwa kelele.

Jumamosi, 28 Novemba

Kutwa sakafuni, mimi na yeye, tumeegemea kochi, panya wanatupanda. Mbeya kaniibia kifungo cha shati. Sekela alicheka kwa sauti, hasa, sauti kubwa. Nikaijua. Ni yangu.

Sikumwuliza habari za kesho. Ulimi uliniwasha kutwa.

Jumapili, 29 Novemba

Imekuwa leo. Riverdale, saa tisa. Mama yake kamwingiza ndani amwulize. Nimebaki kwenye gari ili asinitazame usoni anapojibu. Mikono kwenye usukani. Dakika ishirini. Mwanzoni niliomba. Baadaye nilihesabu matofali.

Mama Sekela katoka mwenyewe. Kasema mtoto hataki tena ratiba. Kama atakuja, atapiga simu mwenyewe, siku anayotaka. Asisukumwe. Panya wakae kwangu, maana kwao mdogo wake mama ana pumu.

Nikauliza, je, asipopiga? Mama Sekela akanitazama vizuri, bila ubaya, akasema hajui. Nikasema sawa. Nimerudi. Chumba chake nimekifunga, halafu nimekifungua tena.

Jumanne, 1 Desemba

Hajapiga. Jana pia. Nimenyanyua simu mara nne nione kama inafanya kazi. Namba ya Riverdale naijua hata usingizini. Sijaipiga. Ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia.

Biskuti na Mbeya wanalala wamebebana. Nimekaa chini mbele ya tundu muda mrefu, mkono ndani.

Jumatano, 2 Desemba

Mvua. Maegesho nusu tupu. Nimerudi saa kumi, nimebadilisha maranda, nimechemsha chai.

Saa kumi na moja simu imelia. Sekela. Kauliza Mbeya hajambo, nikasema hajambo. Kauliza Biskuti, nikasema kanona. Kauliza kama ninawatoa nje ya tundu kila siku, nikasema ndiyo. Maswali yakaisha.

Hakukata. Nilimsikia anapumua. Nilikuwa na maneno mia ya kumwambia, na lile la kumwuliza kama atakuja Jumamosi lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalirudisha. Nikaketi sakafuni, simu sikioni, nikangoja.

Akaanza kunisimulia habari za mwalimu wao wa hesabu.