Blanketi la Babu

Helsinki, 14 Januari 2025

Mke wangu Hope,

Hujambo? Bibi yako kifua kimeachia? Mie mzima, namshukuru Mungu, ila kwanza tuelewane. Hii habari ya kufika kwangu, kila mtu huko Kimara anaisimulia vibaya. Shangazi yako Clara kawapigia simu kasema nimeteleza nje ya uwanja wa ndege, nikaanguka, nikamwita mama yangu. Uongo! Niliikuta barafu imelala chini, nikaona mgeni mwenye adabu hasalimiani na mwenyeji aliyelala huku yeye kasimama. Nikakaa. Nikaisalimia. Na mama niliyemwita ni mama wa watu alikuwa anapita.

Baridi usiiulize. Nimetema mate dirishani, yamefika chini yakagonga kama kokoto. Na watu hawasalimii. Nimemwamkia jirani wa Clara kwenye lifti, akaangalia viatu vyake mpaka nikadhani anavitafutia jina.

Sasa ishu yenyewe. Nimekubali kupumzika huku mpaka mwisho wa mwezi wa tatu kwa sababu Clara kashakata tiketi, hakuniuliza. Lakini watu wa Brightson wakirudi na posa, waambie wanisubiri. Toka wazazi wako watutoke nimekulea mie, na siku ya posa kiti cha babu ni changu. Mie ndiye wa kusema mke wangu simtoi, mie wa kubembelezwa, mie wa kuvikwa blanketi la babu begani watu wakipiga vigelegele. Ndipo nakuachia. Bila hivyo hujaposwa, umeibwa tu.

Mumeo wa kwanza,
Babu Gaudens


Kimara, 23 Januari 2025

Shikamoo Babu, mume wangu wa theluji,

Tumecheka mpaka Bibi kikohozi kikarudi. Sasa kimetulia. Anasema chumba kimekuwa kimya, hapati usingizi kwa kukosa mtu wa kumkoromea.

Huku hakuna jipya, usiwe na wasiwasi. Tumepaka rangi sebule, na Bibi kanunua mapazia. Basi. Shangazi anasema mwezi wa nne ndiyo huko kunaanza kupata joto. Si ungekaa mpaka hapo, ufaidi? Vaa soksi mbili mbili.

Mjukuu wako,
Hope


Helsinki, 25 Januari 2025

Marahaba mke wangu,

Mie mzima. Ila hayo mapazia yamenikaa kooni. Bibi yako namjua, hanunui pazia bila mgeni. Mnamtarajia nani?

Najua mna kinyongo na posa ya mwaka juzi. Lakini babu kazi yake ni kuwazungusha wageni, sikuianzisha mie. Niliwatolea Bibi yako kafunikwa kanga gubigubi, nikasema bibi harusi ndiye huyu, wakacheka wote. Walipocheka nikanogewa. Nikamwambia baba yake Brightson, kabla mwanao hajaoa tuone kwanza nguvu za baba, mbebe huyu mgongoni uzunguke naye nyumba. Nani angejua mzee wa kanisa ana hasira vile? Waliondoka na posa yao, soda hata hazijafunguliwa. Ukalia. Nilikuona.

Safari hii nitawatania kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga. Maneno nimeshayaandaa. Nayafanyia mazoezi bafuni, Clara anagonga mlango anauliza, "Baba, tumbo?" Hata mwanangu hajui sauti ya hotuba!

Nijibu upesi.

Mumeo,
Babu


Helsinki, 16 Februari 2025

Hope,

Hujambo? Bibi hajambo? Nimekutumia ujumbe juu ya ujumbe, wote una tiki za bluu. Umesoma. Hujibu.

Leo Clara kanipa simu yake nimpigie Bibi yako, picha ikaingia. Sebule ile naijua hata ikipakwa rangi. Brightson kakaa. Baba yake kakaa, kanuna vilevile. Wewe umependeza, siwezi kusema uongo. Na kwenye kiti changu kakaa Benjamin. Benjamin wa genge la mkaa! Mtu anayeanza hadithi Jumatatu, Ijumaa bado anamtafuta aliyefungua mlango! Blanketi liko begani kwake.

Nimemuuliza Clara, kaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Niambie nani kapanga. Kama ni Bibi yako, nitaongea naye nikirudi. Kama ni Clara, nitamlia chakula hapa mpaka friji ibaki taa. Ila niambie siyo wewe.

Babu


Kimara, 20 Februari 2025

Shikamoo Babu,

Sijui hata nikuulizeje hali yako.

Ni mimi. Baba yake Brightson alisema watarudi mara moja tu, na kwa sharti wewe usiwepo. Nikamwomba Shangazi akukatie tiketi. Bibi alikataa, nikamlilia mpaka akalegea. Mapazia alinunua huku hanisemeshi.

Babu, wenzangu wote wa mtaani wameshatoka kwao. Mimi nabaki kibarazani nacheka na hadithi zako. Nakupenda, lakini siku ile nilikuogopa, na nikaogopa tena.

Mzee Benjamin alisema maneno mawili tu, "Karibuni" na "Sawa." Yakaisha. Nilipoona yameisha kirahisi vile nikakimbilia jikoni, nikalia, wakadhani ni furaha.

Blanketi ni lako, nimemnyang'anya, liko kabatini. Harusi ni baada ya Pasaka. Njoo, nakuomba. Utakaa meza ya mbele.

Mjukuu wako anayekuomba radhi,
Hope


Helsinki, 11 Machi 2025

Hope,

Marahaba. Mie mzima. Nimechelewa kujibu, vidole vilikataa.

Bibi yako mwambie simnunii. Yule ukimlilia anakupa hata meno yake. Blanketi mrudishie Benjamin. Blanketi la babu unavikwa na wakwe, watu wanaona. La kutolewa kabatini ni la kulalia tu.

Ungeniambia, mwanangu. Ungesema, "Babu, siku hiyo nyamaza." Ningekaa pale kama gunia la mchele. Utasema ningeshindwa. Labda. Ila hukunijaribu. Ulinipakia kwenye ndege kama mbuzi, nikakupungia mkono nacheka, na wewe ukapunga. Mkono wako ule ndio unaoniuma kuliko hata kiti.

Mwisho wa mwezi narudi. Harusini sijui. Usiniwekee meza.

Ila maneno yangu sikuyaacha yaoze. Jumapili nimeenda kituo cha basi, theluji inaanguka. Kwenye benchi kakaa mama mmoja mzee, kofia nyekundu. Nikamwambia, mama, leo kwangu kuna posa, sikiliza. Nikasema yote. Mke wangu simtoi. Huyu nimemwogesha mie, nimemsuka mie, nikamsuka vibaya mpaka mwalimu akamrudisha nyumbani. Nikabembelezwa, nikakataa. Nikabembelezwa tena, nikasema haya, mchukueni, ila siku akilia mnirudishie, msimnyamazishe huko. Wala sikumtania baba wa mtu. Yule mama kafuta machozi kwa glovu. Basi lake limekuja, limeondoka, hakupanda.

Maneno niliyasema kweli, Hope, yote, kwa sauti. Ila yule mama nimemtunga. Kwenye benchi hapakuwa na mtu.

Babu yako,
Gaudens