Mzigo wa Mama Neema

Baba Neema, ndugu yangu,

Jumamosi tunaondoa matanga yako. Unajua kwa nini tumechelewa. Ulipofariki pale hospitali ya Westmead tulikuwa tumefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, watu kumi tu wakaruhusiwa kaburini, nami sikuwamo. Nilikuzika kupitia simu ya binti yako, picha ikikatikakatika, jeneza likishuka na kuganda, likishuka na kuganda. Sasa tumefunguliwa. Akina mama wa kanisa wameshagawana nani apike pondu, majani yetu ya muhogo, na nani alete viti.

Nikupe habari kwanza. Wale askari waliokuwa wakizunguka mitaa yetu ya Macquarie Fields, hapa Sydney, kusimamia karantini wameondoka. Unakumbuka walivyogonga mlango wako, hawana bunduki, wamebeba boksi la chakula, nawe ukajificha bafuni? Ulinipigia simu kutoka humo, ukanong'ona, "Mwalimu, hawa ni wa upande gani?" Nilicheka hadi nikakohoa. Kisha nikakata simu, nikaufunga mlango wangu kwa komeo.

Na dunia imewaka tena. Majirani wawili wakubwa, Urusi na Uchina, walisimama mbele ya kamera wakatangaza kwamba urafiki wao hauna mipaka. Wiki chache baadaye mmoja wao akaingiza vifaru Ukraine. Tunaona kwenye televisheni: ghorofa limepasuliwa katikati, jiko la mtu liko wazi, sufuria bado imekaa mezani. Yule mwenzake hakumzuia, wala hakwenda kumpigania. Anatabasamu na kununua mafuta yake. Baada ya ibada watu hunizunguka na vikombe vya chai: "Mwalimu, tueleze. Hawa ni marafiki kweli?" Unanijua. Nikaanza: mpaka wao ni mrefu mno, nilipokuwa kijana walimwagiana damu kwa ajili ya kisiwa kidogo cha mtoni, na hadi leo kila mmoja huhesabu askari wa mwenzake huku akimmiminia kinywaji. Wewe ungeshapiga kelele kutoka nyuma, "Mwalimu, chaki itaisha!"

Ndipo dada mmoja Mkenya, anayetunza wazee, akaniuliza, "Kwa hivyo hao wawili wanaweza kugeukiana? Sema tu ndiyo ama la."

Nikaweka kikombe changu chini. Swali hilo niliwahi kuulizwa, Baba Neema. Nililijibu, na jibu langu likamuua mkeo.

Nimeshaandika. Ngoja nipumzike.

Siku ile, kabla hatujakimbilia huku, ulikuwa umepanda mto kutafuta mbao. Mji wetu wa Kisangani, kule Kongo, ulikuwa mikononi mwa majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyoingia kwetu pamoja, yakiitana ndugu. Kwa sisi tusio na hata fimbo, hao ndio waliokuwa mataifa makubwa. Mwaka uliotangulia walishapigana katikati ya mji, kisha wakapatana, makamanda wakakumbatiana. Asubuhi ile redio ilisema maelewano yanaendelea vizuri. Nami niliiamini redio kwa sababu ilizungumza Kifaransa kizuri.

Mama Neema alipita mlangoni pangu akiwa na mzigo kichwani, amemshika Neema mkono. Alikuwa amefunga katika kitenge sufuria, mchele, na viatu vya shule vya mtoto. Alitaka kuvuka mto kwenda Lubunga, ng'ambo, kwa dada yake. Akasimama. "Mwalimu, wewe ndiye unayesoma. Nivuke, nisivuke?"

Nilichukua kijiti nikachora chini. Huyu yuko hapa, yule yuko pale. Nikamwambia, "Hawa wanahitajiana. Wakigeukiana, wote wawili watapoteza. Rudi nyumbani, mama." Hakuridhika. Aliendelea kutazama upande wa mto. Basi nikaushusha ule mzigo kichwani mwake kwa mikono yangu, nikaubeba, nikaurudisha ndani kwako.

Kabla ya saa sita kombora la kwanza likaangukia shule. La pili lilivunja ukuta wa jirani, mabati yakaruka yakikata migomba na watu bila kuchagua. Nilitambaa hadi uani kwako, nikamwokota Neema langoni. Mama Neema alikuwa kwenye kizingiti cha jiko, amelala juu ya mzigo uliopasuka, mchele umegandamana na damu. Mguu mmoja haukuwapo. Bado alikuwa anapumua. Aliuliza, "Mtoto?" Mtoto nilikuwa naye, nimeubana uso wake kifuani pangu asione. Nikajibu, "Ninaye." Hakuuliza tena.

Siku sita walirushiana moto juu ya vichwa vyetu. Siku ya pili nilimzika mkeo uani, nikichimba kwa sufuria ile ile, nikilala juu ya udongo kila risasi zilipopita. Mbwa walikuwa wameanza kuzurura. Askari wa upande mmoja aliruka ukuta, akaniona nikichimba, akasema, "Usiogope mzee, sisi ni marafiki zenu." Buti zake zilikuwa na damu hadi kwenye kamba. Akapita akapiga risasi nyumba ya nne kutoka kwako.

Uliporudi nilikuambia kombora lilianguka ghafla. Ni kweli lilianguka ghafla. Ulinikumbatia, ukalia begani kwangu, ukanishukuru kwa kumwokoa Neema. Na hukuacha. Kwenye kambi ya wakimbizi, kwenye ndege, hapa Sydney: "Huyu ndiye aliyemwokoa mwanangu." Siku Neema alipohitimu unesi uliniketisha mbele, ukaniwekea nyama ya kwanza. Niliila. Miaka ishirini na zaidi, ndugu yangu, niliila.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Neema nikamweleza yote. Alikuwa amevaa sare, anakwenda kazini. Alisikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Akasema maneno kwa Kiingereza, upesi, kama hasemi nami. Halafu akageukia Kiswahili, polepole. "Viatu vyangu vilikuwa kwenye mzigo. Nakumbuka vilirudi. Sikuwahi kukumbuka nani aliyevirudisha." Akavuta pumzi. "Usiniambie mimi, Mwalimu. Mwambie Papa, kaburini kwake. Na umwambie mbele ya watu."

Siku zote ameniita Papa Mwalimu, kama baba yake wa pili. Siku hiyo nilikuwa Mwalimu tu.

Unaijua desturi yetu. Kabla kitambaa cheusi cha msiba hakijavuliwa, mwenye neno na marehemu husimama alitoe; likifichwa, matanga hayajaisha. Neema amesema hatavua chake kabla sijasimama.

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama kaburini pako niisome barua hii. Ningeweza kueleza, na ningeeleza vizuri: kwamba hata wakubwa wa dunia walidanganyika na lile kumbatio la makamanda, kwamba hakuna aliyeweza kujua. Mama Neema alijua. Alikuwa ameshafunga mzigo.

Nakuahidi sitaeleza lolote. Nitasema nilimwambia arudi, na mzigo wake nikaubeba mimi mwenyewe. Kisha nitakaa chini. Neema akivua kitambaa, ni shauri lake. Akiondoka nacho, nitakuja kaburini pako kila mwaka kulitamka tena neno hilo, hadi nami nizikwe.

Lala, Baba Neema. Ukimwona Mama Neema, usinitetee; nikifika, mwache aniulize mwenyewe.

Chaki imeisha.

Mwalimu wako