Mstari wa Wambui

Mjukuu wangu Njeri,

Hapa Kitengela tuko salama, na mvua imetukumbuka. Umeniuliza utamsaidiaje mwanao, sasa kwa kuwa wamempima wakaona ni disleksia, ndiyo maana kusoma kunamtatiza.

Tukiwa wadogo, kwenye maombi ya nyumbani kila mtoto alisoma mstari wake wa Biblia. Mdogo wangu Wambui alikariri wake mapema, kwa sababu herufi zilimshinda. Nilijua. Siku moja nikamfungulia Biblia sura nyingine makusudi. Akashindwa kusoma mbele ya wageni, nami nikacheka.

Mwanao akikariri, usimuumbue. Keti naye, msome pamoja.

Siku hizi ninaishi na Wambui boma moja. Ujumbe ukiingia kwa simu yake, anavuka barabara ili jirani amsomee. Na mimi niko hapa, na miwani yangu.

Cucu yako