Kisanduku Kaburini kwa Boima Kiatamba

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotuaga ukatuachia ugomvi wako tuumalize sisi.

Ulikuwa fundi cherehani mwenye huruma, Robertsport nzima inajua. Hakuna mtoto wa mjane aliyekwenda shule na kaptula iliyochanika ukiwa hai. Lakini nguo za wateja zilirudi na michoro ya chaki mgongoni, maana ukishikwa na ile herufi yako uliiandika popote, hata kwa kidole kwenye sahani ya dumboy, ugali wetu wa muhogo, supu ikipoa na Mama akisonya.

Herufi yenyewe ni ile “mba” ya maandishi yetu ya Kivai, alama moja inayofunga jina letu, yenye mkia, kama alivyoiandika bibi. Kompyuta zilikuwa na “mba” nyingine, isiyo na mkia. Ukawaandikia barua wanaopanga herufi za kompyuta, na mtaalamu wao mmoja akakupigia simu kwa adabu zote.

“Mzee, ni herufi ileile. Mwandiko tu umetofautiana.”

“Na wewe na mdogo wako ni mtu mmoja, sura tu zimetofautiana?”

Ukakata simu, ukatugeukia: “Kaburini kwangu msiandike jina bila mkia wake!” Jamani, Baba! Ulituchosha.

Mwishowe wakaikubali, nawe ukafariki kabla simu zetu hazijajua kuichora. Simu isiyoijua herufi huweka kisanduku kitupu mahali pake. Momolu, mwanao msomi, akamtumia Sando, mchonga mawe ya makaburi, jina lako kwa simu, wala hakuhakikisha limefikaje. Juzi jiwe likafunuliwa mbele ya jamaa wote: herufi nyingine zimetulia, na mwishoni kisanduku, kimechongwa kwa ustadi hasa.

“Sando, hiki nini?” Mama aliuliza.

“Ndicho kilichokuja, Ma. Nikajua mzee kashinda, ndiyo herufi yake mpya.”

Tulicheka kwa hasira, kisha tukalia kweli. Momolu akataka jiwe livunjwe. Mama akamwambia, “Wewe nyamaza, umeshafanya ya kutosha.” Akachukua penseli ya Sando, akapiga magoti, akaiandika “mba” ndani ya kile kisanduku. Ikaenea, pamoja na mkia wake.

“Chonga hapo,” alimwambia Sando. Kisha akakugeukia wewe, mkono juu ya jiwe: “Haya, mbishi wangu. Umeingia. Sasa lala, nasi tulale.”

Unakumbukwa na mkeo Jeneba, wanao Momolu, Hawa na Bendu, wakwe na wajukuu. Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata siku ambazo tungependa kupumzika kidogo.