Mwenyekiti wa Usalama Aliporuka Dirishani

Mpendwa Shangazi Naa Korkor,

Naomba msaada, na tafadhali usinicheke, maana nimeshachekwa vya kutosha. Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika chuo kikuu kimoja hapa Kumasi, na mkuu wa idara yetu, Profesa Ampadu, ni mtu mwema, ndiye aliyenitafutia kazi baba yangu alipofariki, na ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya usalama ya chuo kizima, tangazo la USIPIKE HUMU kalibandika yeye.

Sasa Shangazi, juzi juzi mchana nikamkuta maabarani anakaanga ndizi kwenye jiko la umeme la kuchemshia dawa, akaniambia, "Araba, njoo uonje, mke wangu kanipiga marufuku mafuta," nami nikaonja, sikatai, zilikolea tangawizi na pilipili, na tukiwa tunatafuna soketi ikatema cheche, mafuta yakashika moto, pazia likafuata, na kabla sijameza Profesa alikuwa ameshatoroka kwa kuruka dirishani. Nikabaki mimi na moto. Nikaufunika kwa blanketi la kuzimia moto mpaka ukafa, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeungua hadi kiwikoni.

Profesa akarudi akichechemea, akafunga mlango, akaninong'oneza: "Binti yangu, haya tuyamalize wenyewe. Wakubwa wanakuja kutupa tuzo ya usalama. Wewe sema umeungua kwako ukipika supu, mimi nitasema nimeteguka nikicheza mpira na wajukuu."

Nikakubali. Tangu hapo yeye anapongezwa kila kona, "Prof, kumbe bado kijana!" na mimi mama mkwe ameshuka kutoka Cape Coast na mabegi yake, anasema mwanawe kaoa mke asiyejua kuepua chungu, na jikoni kwangu sasa naingia kwa kubisha hodi. Hayo ningevumilia, lakini kidonda kinatoa usaha, daktari ananiuliza, "Supu gani hii inayopanda mpaka kiwikoni?" na jana Maame Serwaa anayetufanyia usafi akagusa soketi ile ile ikamtupa chini, akainuka anakemea mapepo, nami nikanyamaza. Nikisema, namwaibisha aliyenishika mkono nikiwa yatima, nisiposema, silali. Nifanyeje?

Araba

*

Araba,

Pole kwa mkono. Pole imeishia hapo, sasa nisikilize.

Kuonja ndizi sikulaumu, hata askofu angeonja. Kuzima moto, nakupa heko. Lakini kumwacha mama wa watu akemee mapepo, na wewe pepo lenyewe unalijua, lina nyaya mbili na limekaa ukutani! Hapo umenikera. Angekufa je? Nayo ingekuwa supu?

Unasema Profesa alikufaa. Kweli, na mheshimu. Ila fadhila hulipwa kwa fadhila, mwanangu, hailipwi kwa ngozi, tena ngozi ya Maame Serwaa ambaye hata ndizi hakuonjeshwa. Na huyo Profesa wako, anayeruka dirishani na kukuachia moto, halafu anarudi na kukuita binti! Mimi ningemjibu nini, gazeti hili haliwezi kuchapa.

Leo hii mwite fundi umeme wa chuo aikate soketi hiyo. Mchukue Maame Serwaa mwende zahanati, hata akikwambia ni mzima, na umweleze kilichomtupa. Daktari mwambie kila kitu, asitibu supu. Kisha mfuate Profesa ofisini, umwambie kwa adabu: "Baba, naenda kuripoti. Twende wote, au nitangulie." Akianza kumtaja marehemu baba yako, inuka uondoke. Kwenye ofisi ya usalama taja moto, taja mkono, taja Maame Serwaa, na taja ndizi ulizokula wewe, usijifanye malaika. Tuzo wampe atakayestahili.

Mama mkwe mwambie ukweli, lakini usiwe na haraka. Kwa mkono huo mihogo ya fufu utaitwangaje? Mwache apike kwanza upone.

Profesa atanuna. Mtu mzima akinuna hafi. Umeme hauna haya, wala hauulizi nani alimsaidia nani. Weka gazeti chini, uende.

Naa Korkor