Nilipomwendea Mama Chiku

Jumanne jioni

Bado sijalitamka hilo neno mbele ya mume wangu. Saratani. Tangu jana daktari aliponiambia kwamba kivimbe cha titi si jipu, nimepika, nimefua, nimecheka na watoto kama kawaida.

Leo nilikwenda Bahi kwa Mama Chiku, tuliyeimba naye kwaya zamani. Ndiye pekee ninayemfahamu aliyekatwa titi akapona. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Kabla sijamaliza kueleza, aliweka ungo chini akanishika mikono.

“Usiogope, mdogo wangu. Nitakwenda nawe hospitali. Hutakaa peke yako kwenye lile benchi.”

Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Nilipotulia nikamwambia kwamba kupona kwake kunanipa moyo.

Akatazama pembeni.

“Ugonjwa umerudi,” akasema. “Sasa uko kwenye mapafu. Nami nilikuwa natafuta wa kwenda naye.”

Tumekubaliana Alhamisi. Njia nzima ya kurudi Dodoma nilikuwa najishika kifua.

Mume wangu alinipokea mlangoni. “Mama Chiku hajambo?”

“Hajambo,” nikamjibu. “Amepona kabisa.”