Joho la Kaka

3 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima huko kambini na goti lako limetulia. Mimi na mama hatujambo, ila analalamika kuwa huandiki mpaka uishiwe sabuni.

Kesi yetu ya uchaguzi inatambaa. Jaji ana kikohozi cha ajabu: humshika kila wakili wa serikali anapokosa jibu, na akishikwa tunaahirisha. Mbunge tunayempinga hukaa mstari wa mbele akikoroma. Hakuna anayemwamsha, maana mwenye nguvu mpishe.

Shahidi wangu ni mwalimu aliyesimamia kituo cha kura. Juzi wahuni walimvamia nyumbani wakamvunja vidole viwili kwa nyundo, vya mkono wa kuandikia. Akaja ofisini na bandeji yake kuniuliza kama sheria inaruhusu kuapa kwa mkono wa kushoto. Niliona haya kuwa wakili. Zamu yake ni tarehe kumi na nane.

Kaka yako

10 Juni

Shikamoo kaka,

Mimi mzima. Mwambie mama sabuni ninayo.

Tarehe kumi na nane kikosi chetu cha polisi ndicho kimepangiwa mahakamani. Mkuu amesema mwalimu akitoka nje tumchukue, na atakayezuia apigwe mpaka aache. Ila mwenye joho asiguswe, kwa sababu wakili akiguswa dunia nzima husikia. Nakuomba, joho lako usilivue hata ukisikia joto. Kwenye moshi wa mabomu ya machozi sitakujua kwa sura, nitatazama joho tu. Barua hii ichome.

Mdogo wako

15 Juni

Marahaba mdogo wangu,

Nimeichoma. Mkuu wenu anaijua nchi hii kuliko jaji wangu: kitambaa cheusi kina haki kuliko mtu aliyemo ndani. Usiwe na wasiwasi, joho litavaliwa.

Kaka yako

2 Julai

Shikamoo kaka,

Sijui kama unaweza kusoma. Mama hasemi nami. Muuguzi ndiye aliyeniambia unapumua.

Nilimwona mwenye joho akishuka ngazi ameinama. Nikamzuia mwenzangu asimguse, nikamshukuru Mungu kwamba kaka amepita. Nyuma yake akaja mwanamume wa shati jeupe, akanyoosha mikono kuziba njia. Nilimpiga rungu la bega, hakuondoka. Nikampiga mkono, nikausikia ukivunjika. Alipoanguka nilimpiga mateke ya mgongo na ya kichwa, maana tumefundishwa kuwa aliyeanguka asiinuke. Akageuka, uso wote damu, akasema, "Kibiriti, inatosha." Kwa jina hilo mnaniita wewe na mama tu.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Silali. Uliponiambia joho litavaliwa, mbona hukusema na nani?

Mdogo wako

21 Julai

Marahaba mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa mwalimu, kwa mkono wake wa kushoto. Mimi nasema tu. Jicho moja limezimika na figo moja imegoma. Mengine hayajambo.

Sikukuambia kwa sababu ungenikataza. Na nilikujua tangu ngazi ya chini, kwa goti linalokufanya uburute mguu. Ningekuita mapema ungeacha, na wenzako wangemkimbilia mwalimu. Nikakuacha upige mpaka nilipoona amepotea mtaani. Hata hivyo nimekukasirikia, sitakudanganya.

Siku ile jaji alikohoa kabla mwalimu hajaapa, kwa hiyo hajasema neno. Ataapa tarehe tano Agosti. Serikali imeandika kwamba hakuna amri iliyotolewa, raia waliangukiana kwenye ngazi. Ngazi hizo nazifahamu miaka mingi, hazijawahi kuvaa buti. Nahitaji askari mmoja aseme nani alitoa amri. Najua ninachokuomba.

Joho mwalimu amelifua na kulirudisha, limetundikwa juu ya kitanda changu.

Kaka yako

29 Julai

Shikamoo kaka,

Nafurahi kusikia sauti yako, hata kwa mkono wa mwalimu. Msalimie.

Nimerudisha rungu na kofia. Mkuu ameniuliza naumwa nini, nikamwambia goti. Nitakuja kusema jina lake.

Mlangoni watakuwa wenzangu, na amri haijabadilika. Joho avae mwalimu. Mimi nitavaa shati jeupe, nitembee nyuma yake.

Mdogo wako,
Kibiriti